Barua kwa Neema: ramani yako nimeitikisa

Neema wangu,

Hamjambo huko Morogoro? Na magoti ya mama yanaendeleaje? Huku Dar joto halina utani, na umeme una tabia ya kukatika hesabu ikiwa katikati. Ndiyo sababu jibu limekawia.

Ramani yako ya makundi ya mvua, ile inayoweka pamoja vituo vya hali ya hewa vyenye mwendo wa mvua unaofanana, inapendeza kweli. Ila nilipoiona tu nikajiuliza: akiichora tena kesho, itatoka ileile? Basi nikakesha nayo.

Njia uliyotumia kugawa makundi huchagua vitovu vya kuanzia, yaani kiini cha kila kundi, kwa kubahatisha, kwa hiyo nikairudia mara hamsini. Dodoma, Singida na Tabora hawakuachana hata mara moja. Mvua yao ni ya msimu mmoja. Tanga na Unguja, wenye vuli na masika, nao wakabaki pamoja. Mhamaji ni Morogoro yako! Leo yuko na pwani, kesho kaamkia Dodoma.

Sasa hapa nitakugombeza kidogo. Ulipopima uthabiti ulidondosha kituo kimoja kimoja. Vituo jirani ni kama mapacha: ukimtoa mmoja, mwenzake anamshikia nafasi, na ramani inaonekana imara kuliko ilivyo. Mimi niliviacha vituo vyote, nikapiga kura ya miaka, kisha nikachora ramani upya kwa miaka iliyochaguliwa. Mwaka ukichaguliwa, unachaguliwa kwa vituo vyote kwa pamoja. Mmoja huchaguliwa mara mbili, mwingine hauchaguliwi kabisa. Na mwaka wenyewe nimeukata Oktoba hadi Septemba, maana ukikata Desemba unaupasua msimu wa Dodoma mvua ikiwa bado inanyesha. Kila 1997/98 ulipochaguliwa mara mbili, ule mwaka wa El Niño vuli ilipofurika, mpaka wa kundi la pwani ulisogea bara.

Kipimo cha Rand, kinachoonyesha ramani mbili za makundi zinafanana kiasi gani, kama kilivyorekebishwa na Hubert na Arabie mwaka 1985 si kibaya: 1 ni makundi yaleyale, karibu na 0 ni bahati tu. Tatizo, kinakupa namba moja kwa nchi nzima, na Morogoro anajificha humo. Pima kila kundi peke yake kwa Jaccard, yaani vituo vinavyobaki pamoja ni sehemu gani ya vituo vyote vya kundi la awali na la marudio, kama Hennig alivyopendekeza mwaka 2007. Likiwa chini ya 0.6, usilitetee mbele ya msimamizi wako.

Najua utasema tubaki na makundi mawili kwa kuwa hayatikisiki. Hayatikisiki, sawa, lakini yanasema nini asichokijua mkulima yeyote? Na ile njia ya kuvuta muda ili vilele vya mvua vilingane, kwa kazi hii iache. Sisi tunautafuta huohuo muda inaoufuta.

Morogoro ipake mistari ya rangi mbili. Nitumie faili la vituo kabla ya Ijumaa, na akipatikana mtu wa kuja Dar, mpe ndizi za Uluguru aniletee.

Wako,
Zuhura