Vidonge vya kusafisha mapafu na mdogo wangu mvuta sigara

Mhariri,

Tangazo la vidonge vya kusafisha mapafu vya beta-karotini (rangi ya chungwa ya mimea ambayo mwili huigeuza vitamini A) mlilolichapisha kando ya matokeo ya mpira limenigombanisha na mdogo wangu. Ni dereva wa lori, na foleni ya mpakani hapa Busia humfanya amalize pakiti nzima ya sigara kwa siku. Alilikata tangazo kwa wembe, akatoa shilingi 85,000, akaja kunionyesha chupa kama aliyekata bima ya maisha. "Dada, hizi zinafukuza oksijeni mbaya. Sasa nivute tu."

Nimefundisha bayolojia miaka 22 na hiyo "oksijeni mbaya" sikuicheka. Mitokondria, yaani vijitanuri vya nishati ndani ya seli, zinapochoma chakula, sehemu ndogo ya oksijeni hugeuka kali, ikawa inanyang'anya elektroni popote inapozikuta: kwenye mafuta ya utando wa seli, hata kwenye DNA. Moshi wa sigara huizidisha. Antioksidanti kama vitamini C na E huipa elektroni inayoitafuta, ikatulia; beta-karotini nayo huhesabiwa katika kundi hilo. Mpaka hapo mwuzaji hajadanganya.

Hasemi tu kwamba mwili nao huitengeneza makusudi. Chembe nyeupe ya damu ikishameza bakteria huishambulia kwa kemikali za jamii hiyohiyo, mojawapo ikiwa haidrojeni peroksaidi, ile inayotoa povu ikimwagiwa kidonda. Tena mwili una kimeng'enya chake, katalesi, cha kuivunja iwe maji na oksijeni. Wanafunzi wangu huliona jambo hilo kwa kutumbukiza kipande cha ini la ng'ombe kwenye glasi ya haidrojeni peroksaidi. Ndiyo siku pekee wanaokaa nyuma darasani hawasinzii.

Na kwa wavuta sigara, suala hili lilikwisha kupimwa. Huko Ufini wanaume zaidi ya 29,000, wote wavutaji, walifuatiliwa kwa miaka. Baadhi yao walimeza miligramu 20 za beta-karotini kila siku. Matokeo yalitoka mwaka 1994: waliomeza walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao. Marekani nako jaribio la beta-karotini pamoja na vitamini A lilisimamishwa mapema, Januari 1996, kwa sababu wavutaji waliomeza walikuwa wakiumia zaidi. Chupa ya mdogo wangu inasema kidonge kimoja kina miligramu 15, na ameze viwili.

Chakula ni habari nyingine. Viazi vitamu vya rangi ya chungwa, vilivyomfanya Mganda mwenzetu Dkt. Robert Mwanga awe miongoni mwa washindi wa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016, vina beta-karotini, na watoto wetu wanaihitaji kwa macho yao. Mvuta sigara naye avile bila hofu. Kwa vitamini C kuna mapera. Fungu ni shilingi 1,000 hapa sokoni, na pera hulipita chungwa mbali.

Ninaloomba ni dogo. Tangazo hilo likirudi, liwe na mstari wa kuwaonya wavuta sigara wasimeze, kwa herufi kubwa kama zile za bei. Nilipomweleza mdogo wangu haya yote aliniuliza, "Kama ni hatari, mbona limo gazetini?" Nilimwambia nitawauliza wenye gazeti.

Mwalimu wa bayolojia,
Busia, Uganda