Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama: majina yetu katika vitabu vya jeshi

Wazee wenzangu tuliotumikia jeshi la Kongo, mama wajane, na ninyi vijana mliokuja kwa niaba ya baba zenu walioshindwa kutoka nyumbani, jambo yenu wote.

Mwaka huu tumezika wenzetu watatu. Wawili kati yao wameondoka dosie zao hazijanyooka: mmoja jina, mwingine mwaka wa kuzaliwa. Niliwaahidi wote wawili kwamba tutamaliza kabla ya kiangazi, na hatukumaliza. Kwa hiyo leo nitakaa sana kwenye jambo hili, mengine nitayagusa tu.

Mwezi wa tatu, asubuhi ya mvua, mama mmoja mjane wa Katuba, hapa hapa Lubumbashi, alifika barazani kwangu. Alifungua kitenge, ndani ya kitenge mfuko wa plastiki, ndani ya mfuko mfuko mwingine, na ndani kabisa buku la jeshi la marehemu mumewe. Mchwa walikuwa wamekula kona ya chini, lakini ukurasa wa kwanza ulisomeka: Ngoie. Cheti cha ndoa kinasema Ngoy. Kadi ya mpiga kura, ambayo wengi wetu ndiyo kitambulisho pekee tulicho nacho, inasema Ngoi. Mama akazipanga karatasi tatu mezani, akazinyoosha kwa kiganja, akaniuliza: “Baba, kwani mimi niliolewa na wanaume watatu?” Nilikosa jibu.

Kosa hilo si la marehemu. Karani aliyeandikisha askari aliandika alichosikia. Muluba wa Kasai akitaja jina lake, karani mmoja anaandika Tshilumba, mwingine Chilumba, wa tatu Cilumba. Zamani haikutusumbua: mlipaji alikuja kambini na pesa, akakuita, akakuona sura, ukatia kidole. Tangu 2011, malipo yalipoanza kupitia benki, sura haina kazi tena. Mashine inalinganisha herufi, na herufi moja ikipungua inakuambia wewe siye.

Halafu tupo sisi wa miaka ya Zaire. Mimi nilibatizwa Joseph. Mwaka 1972 Rais Mobutu mwenyewe aliacha Joseph-Désiré akawa Mobutu Sese Seko, na nchi nzima tukaacha majina ya ubatizo. Nilipoingia jeshini 1974 niliandikwa bila Joseph. Baada ya hotuba ya Aprili 1990, Mobutu alipokubali vyama vingi, tukarudia majina yetu, kwanza kanisani, kisha mtaani, na watoto wangu wakaandikwa shuleni kuwa wana wa Joseph. Jeshi halikumjua Joseph yeyote. Nimetembea miaka minne kuwaunganisha watu wawili ambao wote ni mimi. Mwezi wa nane barua ilirudi na muhuri. Nilimsomea mke wangu mara mbili, na sioni haya kuwaambia kwamba nililia.

Mahali pa kuzaliwa napo panatutesa. Aliyeandikwa Élisabethville na aliyeandikwa Lubumbashi wamezaliwa mji uleule. Jina lilibadilika 1966. Jadotville ni Likasi, Albertville ni Kalemie. Mzaliwa wa Kamina anaweza kuwa na Katanga kwenye karatasi moja, Shaba kwenye nyingine, na Haut-Lomami kwenye ile ya baada ya 2015, jimbo lilipogawanywa kuwa majimbo manne. Jeshi lenyewe lilikuwa Force Publique hadi 1960, likawa ANC, kisha FAZ, kisha FAC baada ya 1997, na leo ni FARDC. Karani kijana asiyeyajua hayo anadhani unamdanganya. Tumeyaandika yote kwenye ukurasa mmoja tunaouambatanisha na kila dosie, na tangu tulipoanza kufanya hivyo maswali yamepungua sana.

Tarehe ndizo ngumu kuliko yote, maana wengi wetu tuliandikwa “karibu na mwaka” fulani, basi. Mzee wetu mkubwa kuliko wote hapa, mama yake alimwambia kwamba alizaliwa juma lile wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, walipopigwa risasi kwenye uwanja wa mpira wakati wa mgomo. Hiyo ni Desemba 1941. Wazee wa mji huu hawaisahau. Buku lake linasema 1947. Tulikwenda naye parokiani alikobatizwa. Katibu wa parokia alifunua vitabu siku mbili, na siku ya pili jioni akaupata mstari wake: amebatizwa Januari 1942, jina la mama lipo, jina la baba lipo. Mzee aliweka kidole juu ya mstari ule na hakukiondoa kwa muda mrefu. Kwa karatasi hiyo hakimu alikubali.

Sasa niseme neno ambalo wengine hawatalipenda. Si kila mwaka uliokosewa ulikosewa na karani. Wapo kati yetu waliojipunguzia miaka wasistaafishwe mapema, na wapo waliojiongezea wakiwa watoto ili wapokelewe. Naijua njaa iliyowasukuma, nimeila nao. Lakini chama hakitatoa shahidi wa uongo. Mwaka huu niliwakatalia ndugu wawili, wamenikasirikia, na bado nakataa. Dosie moja ya uongo ikigunduliwa, kila karatasi yenye muhuri wetu itatiliwa shaka, pamoja na ya yule mama wa Katuba.

Tumejifunza pia njia ya kupita. Kosa la karani ni jambo moja, kubadili jina ni jambo lingine. Sheria ya familia ya 1987 haimruhusu mtu kubadili jina lake, wala namna linavyoandikwa, bila ruhusa ya mahakama. Ukidai kwamba karani alikosea, onyesha karatasi iliyolitangulia buku la jeshi: ubatizo, shule, hata kitabu cha kazi cha baba yako chenye majina ya watoto. Kama huna hata moja, anza mahakamani upate hukumu inayoshika nafasi ya cheti cha kuzaliwa, ipeleke etasivili ya komine yako, yaani ofisi ya kuandikisha vizazi na ndoa, ndipo uandikie jeshi. Wengi tunaanzia jeshini, tunarudishwa, na nauli imekwisha. Matrikili, namba yako ya jeshi, iandikwe kwenye kila ukurasa; mwenye ya zamani na mpya aandike zote mbili. Karatasi ya asili usiiache popote, acha fotokopi iliyothibitishwa. Wala usitoke ofisini bila muhuri wa kupokelewa juu ya nakala yako. Mwaka juzi ofisi moja ilipoteza dosie zetu zote kwa mpigo, na hatukuwa na muhuri hata mmoja wa kuonyesha kwamba ziliwahi kufika. Tulianza upya, wengine wakiwa na fimbo mkononi.

Mfuko wa mazishi umeshikilia, ingawa michango ya miezi ya mwisho ilichelewa. Mweka hazina atawasomea hesabu. Bendera yetu imechakaa, akina mama wamejitolea kushona nyingine. Uchaguzi wa kamati tutaufanya baada ya mimi kukaa.

Dosie ya mama wa Katuba: hukumu imetoka wiki mbili zilizopita. Ngoie, Ngoy na Ngoi ni mtu mmoja, na huyo alikuwa mume wake. Inabaki safari ya Kinshasa, na naomba mkutano huu ukubali tulipe gharama ya kuituma kutoka kwenye mfuko wa chama.

Jumamosi ijayo, saa tatu asubuhi, katibu atakuwa barazani kwangu na mashine ya fotokopi ya kukodi. Leteni kila karatasi mliyo nayo, hata iliyoliwa na mchwa. Msikate kona zilizochanika, na msiandike chochote juu yake kwa kalamu mpya. Asiyeweza kutembea atume mtoto atuambie, tutamfuata nyumbani.

Mwenyekiti,
Lubumbashi