Kabla hujaongeza uniti, papasa ngozi yako

Mdogo wangu,

Umeniuliza kama uongeze insulini ya muda mrefu, kwa sababu sukari ya asubuhi imekataa kushuka chini ya 10 (ni kama 180 kwa mashine zinazosoma miligramu). Nakujibu hadharani kwa kuwa wapo wengi wanaoamka na namba hiyo na kukata tamaa kabla hata hawajanawa uso. Usiongeze bado. Vua shati kwanza.

Simama mbele ya kioo, mwanga ukupige ubavuni, ulitazame tumbo unalolichoma kila siku. Kisha paka vidole sabuni kidogo upapase polepole, ukianzia pale ambapo mkono wako huenda wenyewe bila kufikiri. Unatafuta sehemu iliyotuna kidogo, au iliyo ngumu kama mpira chini ya ngozi. Nyingine macho hayazioni, ila kidole kinazikuta. Mara nyingi sindano haiumi hapo, ndiyo maana watu hupapenda. Insulini yenyewe hukuza mafuta ya chini ya ngozi, na ikidungwa palepale siku nenda siku rudi, hasa kwa sindano iliyokwisha kutumika, mafuta hayo hujikusanya yakawa uvimbe. Insulini inayoingia humo haitoki kwa mpangilio. Leo itachelewa, kesho itawahi, nawe utaona mwili umekuasi ilhali dozi ni ileile.

Ukiukuta uvimbe, uache upumzike. Usiuchome tena mpaka ulainike, na hilo huweza kuchukua miezi. Lakini hapa nisikilize vizuri, maana ndipo penye hatari: dozi uliyonayo sasa ilipangwa huku sehemu ya insulini pengine ikipotelea kwenye uvimbe ule. Ukihamia kwenye ngozi nzima na dozi hiyohiyo, sukari inaweza kuporomoka, pengine usiku ukiwa usingizini. Ongea na muuguzi au daktari wako kabla ya kuhama, mkubaliane mpunguze kiasi gani. Mara nyingi huanza na asilimia 10 hadi 20. Siku hizo pima mara nyingi kuliko kawaida, na glukosi au kinywaji chenye sukari kisikose kando ya kitanda.

Namna ya kuzungusha si ngumu. Ligawe tumbo mafungu manne, wiki hii fungu hili, wiki ijayo lile, na kila sindano iwe mbali na ya jana kwa upana wa kidole. Kitovu na makovu usivikaribie. Mapaja upande wa nje na makalio nayo yapo. Sindano ya milimita 4 inawatosha karibu watu wazima wote, wembamba kwa wanene, kwa hiyo usikubali kuambiwa unahitaji ndefu kwa sababu ya mwili wako. Ukishabonyeza kalamu ya insulini, hesabu mpaka 10 ndipo uchomoe, na usipasugue. Sindano mpya kila mara.

Sasa tuseme umepapasa na ngozi ni safi. Hapo ndipo tuizungumzie dozi. Kazi ya insulini hii ni kuishikilia sukari mahali ilipo wakati hujala, basi. Kwa hiyo namba ya asubuhi peke yake haisemi kitu, iweke kando ya namba ya wakati wa kulala. Umelala na 13 ukaamka na 12? Insulini ya usiku imefanya kazi yake, tatizo tulitafute kwenye chakula cha jioni na sindano yake. Umelala na 7 ukaamka na 12? Hapo pana jambo. Weka kengele upime saa tisa usiku. Ukikuta imeshuka chini ya 4, itibu papo hapo, na habari ya kuongeza dozi iishie hapo. Ikiwa ilikuwa sawa saa tisa kisha ikapanda kuelekea mapambazuko, ni homoni za alfajiri zinazolisukuma ini limwage sukari. Mwambie daktari, kwa sababu wakati mwingine kinachobadilishwa ni saa ya kuchoma au aina ya insulini, si wingi wake.

Na mkikubaliana kuongeza, iwe uniti 2 hivi, kisha mnasubiri siku 3 au zaidi kabla ya kugusa tena. Degludec, aina mojawapo ya insulini ya muda mrefu, huchukua siku 3 hadi 4 kutulia mwilini, hiyo ipe hata wiki. Naona watu wakipandisha leo, kesho tena, keshokutwa tena, na dozi zote zinakuja kukutana usiku mmoja. Kupunguza hakuna kusubiri: sukari ikishuka chini ya 4 usiku bila sababu unayoijua, dozi inapungua, na kliniki ijulishwe. Ukiugua ukashindwa kula, usiiache insulini hii kwa hofu. Piga simu uulize. Kwa sisi wenye kisukari cha aina ya kwanza, kuikatisha ni kuukaribisha mwili ujae asidi.

Nitumie namba za usiku tatu, ya kulala, ya saa tisa na ya asubuhi, pamoja na mahali ulipochoma. Na kama kidole kimekuta uvimbe, usinisubiri mimi, mpigie muuguzi wako leo.

Dada yako