Barabara ya Muheza hadi Amani ina wenyewe

Ndugu Mhariri,

Nimekuwa msomaji wa gazeti lako kwa miaka mingi, tangu enzi lilipokuwa likitufikia huku Muheza likiwa limekwisha kusomwa na abiria wote wa basi, na katika muda wote huo sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja, kwa kuwa naamini mtu mwenye kazi zake hana haja ya kubishana na magazeti. Makala ya mwandishi wako kuhusu safari ya siku moja ya pikipiki kutoka Tanga mjini hadi Amani, ile iliyopambwa kwa picha ya vijana wakiosha pikipiki zao mtoni, ndiyo iliyonitoa katika ukimya huo.

Bila shaka unaikumbuka. Aliwaeleza wasomaji kwamba mtu akishaiacha lami pale Muheza ataufuata Mto Zigi, ataingia msituni na kupanda kona juu ya kona hadi kwenye baridi ya Amani, na kwamba atazifurahia kona hizo kwa sababu barabara haina watu. Uzuri wa njia hiyo siupingi, maana nimeupita katika ukungu na katika jua na bado unanipendeza. Hilo la kutokuwa na watu ndilo lililonishangaza, kwa sababu mwandishi alipita siku ya Jumapili asubuhi, wakati wengi wetu tuko makanisani au mashambani, akaandika kana kwamba tumehama.

Watu tupo, Mhariri. Lipo basi linaloteremka alfajiri likiwa limejaa wagonjwa, wanafunzi na kuku. Yapo malori yanayobeba majani mabichi ya chai kwenda kiwandani, na jani la chai likishachumwa halisubiri hadi kesho, kwa hiyo dereva wa lori hana nafasi ya kusimama kwenye kona ili akupishe upige picha. Wapo akina mama wanaotoka msituni na mizigo ya kuni kavu kichwani katika siku walizoruhusiwa kuokota, ambao hawawezi kugeuza shingo haraka kutazama ni nani anayekuja nyuma yao. Wapo watoto wa shule wanaotembea katikati ya barabara kwa sababu pembeni kuna mtaro. Wajerumani walianzisha taasisi yao ya utafiti pale Amani mwaka 1902, na ile nyumba ya Sigi, kwenye lango la msitu, ambayo mwandishi wako aliiita nyumba ya kupumzikia watalii ilikuwa ya mkuu wa stesheni wa reli yao. Tangu hapo mlima huu haujapungukiwa na watu wanaoupanda kwa sababu ya riziki.

Nisije nikadhaniwa ni mzee anayechukia magurudumu mawili. Mimi mwenyewe ni mpanda pikipiki. Nanunua iliki, mdalasini na pilipili manga kutoka kwa wakulima wa huko juu na kuziteremsha Muheza, masika na kiangazi, na Amani hupata mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka, kwa hiyo naufahamu udongo ule mwekundu ukiwa mkavu na ukiwa umelowa. Changarawe husukumwa na magari ikajikusanya upande wa nje wa kona, na mgeni anayeingia kwa mwendo mkali hukuta tairi la mbele linateleza mahali ambapo alitegemea lishike. Kwa kuwa nchi hii tunapita kushoto, kona inayopinda kushoto humtupa mtu kama huyo moja kwa moja kwenye njia ya anayekuja, na ile inayopinda kulia humshawishi aikate kwa ndani, ambako ni njia ya mwenzake pia. Wenyeji tunashuka kwa gia ndogo, tunagusa breki kabla ya kona badala ya ndani yake, na tunapiga honi hata kama tunajiona wapumbavu kuipigia miti. Hayo hayakuwamo katika makala. Kilichokuwamo ni orodha ya vivutio na ushauri wa kubeba maji ya kunywa.

Sasa nieleze kilichonipata, ambacho naamini kimetokana na makala hiyo, kwa sababu kilitokea Jumamosi iliyofuata baada ya kuchapishwa, na kwa sababu mmoja wa wahusika alikuwa na ukurasa wenu umekunjwa mfukoni. Nilikuwa nampandisha mama mkwe wangu kutoka hospitalini Muheza, mwanamke mzima ambaye hapendi pikipiki na ambaye alikubali kupanda kwa sababu tu basi lilikuwa limeharibika. Tulikuwa tumekwisha kuipita Sigi, tukipanda taratibu, mimi nikiwa upande wangu wa kushoto kama sheria inavyotaka, nikipiga honi kila penye pembe. Kundi la pikipiki kubwa lilikuwa linateremka. Wa kwanza alipita vizuri. Wa pili aliikata kona kwa ndani, akanijia usoni, nami sikuwa na pa kwenda isipokuwa mtaroni, na mtaroni ndiko tulikokwenda, mimi, pikipiki, mama mkwe, dawa zake na kilo mbili za sukari. Tunamshukuru Mungu hatukuvunjika. Kioo cha pembeni kilivunjika, sukari ilimwagika, na kanga yake ilichanika kuanzia pindo hadi katikati. Yule kijana alisimama mbele kidogo, akarudi kwa miguu, akavua kofia ngumu yake na kutuamkia kwa adabu, shikamoo mzee, shikamoo mama, na mama mkwe wangu, akiwa bado amekaa mtaroni na majani kichwani, akamwitikia marahaba kwa sababu ndivyo alivyolelewa. Kisha kijana akasema maneno ambayo yameninyima usingizi: poleni sana, hatukutarajia kukuta mtu. Mhariri, barabara ya umma, mchana kweupe, siku ya Jumamosi, na mtu hakutarajia kukuta mtu! Nilipomuuliza nani alimweleza hivyo, akatoa ukurasa wa gazeti lako.

Nilimuuliza pia haraka ilikuwa ya nini. Akaniambia kwamba walitakiwa wale chakula cha mchana Lushoto, kwa kuwa makala ilisema mtu anaweza kuunganisha Amani na Lushoto katika siku hiyo hiyo kwa kuwa zote ziko Usambara. Ni kweli ziko Usambara. Lakini Amani iko Usambara Mashariki na Lushoto iko Usambara Magharibi, na kati yake limelala bonde la Lwengera. Mwenye pikipiki anayetaka kufika salama atateremka tena hadi Muheza, azunguke Segera, apite Korogwe hadi Mombo, ndipo aanze kupanda mlima mwingine wenye kona zake, kupitia Soni. Ni safari nzuri kwa mtu mwenye siku mbili au tatu. Kuiandika kama matembezi ya baada ya chai ni kumfanya kijana ateremke Amani akitazama saa badala ya barabara, na mimi ndiye niliyelipia saa hiyo.

Na kwa kuwa nimekwisha kuanza, niseme na kuhusu ile picha. Mwandishi wako aliona ni jambo la kupendeza vijana kuingiza pikipiki ndani ya Mto Zigi na kuziosha kwa sabuni ya unga, mnyororo na grisi yake na vyote. Maji hayo yanateremka hadi bwawa la Mabayani, na kutoka Mabayani ndiyo yanayofika kwenye mabomba ya Tanga mjini, ikiwa ni pamoja na, nadhani, bomba la ofisi yako. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu zinazoharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na wakulima wa mabonde ya Zigi na Kihuhwi wamejiundia umoja wao wa kuhifadhi mazingira, wakaacha kulima kando ya maji ardhi waliyorithi kwa baba zao. Mkulima akionekana na jembe karibu na mto anaitwa kwenye ofisi ya kijiji. Kijana wa mjini akionekana na ndoo ya povu katikati ya mto anatiwa gazetini, tena ukurasa wa rangi. Naomba nielezwe tofauti ni ipi, isipokuwa kwamba mkulima hana kamera.

Kuhusu nini kifanyike, sina cheo cha kuagiza mtu, lakini ushauri ninao. Wageni wapande kabla ya saa tatu asubuhi na washuke baada ya saa kumi jioni, wapumzike Sigi nusu saa injini zikiwa zimezimwa, na kila kona isiyoonyesha upande wa pili wapige honi mara mbili, hata kama inaharibu utulivu wa video zao. Kuosha pikipiki wakaoshe Muheza, ambako wapo vijana wanaoishi kwa kazi hiyo na watafurahi kuwapokea. Ama mwandishi wako, ningependa arudi Amani mwezi wa Aprili, katikati ya juma, apakiwe nyuma ya bodaboda akiwa amekumbatia gunia la iliki, kisha atuandikie makala nyingine na kutueleza kama bado haoni watu.

Mwisho, mama mkwe wangu amenituma niweke wazi kwamba marahaba aliyoitikia haikuwa msamaha. Anadai doti moja ya kanga, na mimi nadai kioo cha pembeni cha upande wa kulia na kilo mbili za sukari. Kijana mhusika anaufahamu ukurasa wenu, kwa hiyo natumaini atausoma na huu. Vitu hivyo aviache Muheza stendi, kwa wauza machungwa walioko karibu na mabasi ya Amani, aseme tu ni vya yule mzee wa iliki aliyeingia mtaroni. Wote wanaijua habari hiyo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mnunuzi wa viungo,
Muheza, Tanga