Picha ya familia haihitaji sare

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nizungumzie jambo ambalo familia nyingi hulifikiria usiku wa kuamkia siku yenyewe, nalo ni mavazi ya kupigia picha ya pamoja. Imezoeleka kwamba wote wavae rangi moja, mara nyingi fulana nyeupe, kwa imani kwamba kufanana huko ndiko kunakoonyesha umoja. Naamini mtindo huo huharibu picha ambazo zingekuwa nzuri.

Watu wanane waliovaa rangi moja wakisimama bega kwa bega, nguo zao huungana zikawa kitu kimoja kipana, isijulikane mkono huu ni wa nani wala mtoto aliyepakatwa anaishia wapi. Nyeupe pepepe ina tatizo la ziada, kwa kuwa kwenye jua kali kamera hupoteza mikunjo na nyuzi za kitambaa, na kinachobaki ni doa la mwanga chini ya uso. Nyeusi tititi nayo huzama kwenye kivuli.

Lililo bora, kwa maoni yangu, ni kuchagua rangi tatu au nne zinazopatana, kwa mfano bluu iliyokolea, krimu, kijivu na hudhurungi, kisha kila mtu achukue humo inayomfaa, na pengine nguo yenyewe tayari anayo kabatini. Uchaguzi huo uanze na yule ambaye ni vigumu zaidi kumvalisha. Huenda ni bibi au babu, mwenye vazi lake alipendalo na asiyejisikia vizuri katika jingine. Au mama aliyejifungua karibuni, anayehitaji nguo ya kumnyonyeshea mtoto kwa urahisi. Au mtoto asiyeweza kustahimili kola inayomkwaruza shingo. Tukishajua hao watavaa nini, sisi wengine tutawafuata bila taabu. Mara nyingi hufanyika kinyume: vijana huafikiana rangi, kisha mzee huletewa nguo asiyoipenda, na uso wake pichani hueleza yote. Hili linaniuma, kwa sababu aghalabu picha hiyo hupigwa kwa ajili yake.

Yapo pia mambo yanayotokana na kamera yenyewe. Ndani ya kamera ya kidijitali, vihisi vya mwanga vimepangwa kwa safu zilizobanana, na nguo yenye mistari myembamba au drafti ndogondogo inaweza kugongana na mpangilio huo, yakatokea mawimbi na rangi zisizokuwamo kitambaani, kasoro ambayo ni kazi kubwa kuiondoa baadaye. Kitambaa cha rangi inayowaka, kama kijani au machungwa ya kung'aa, huakisi rangi yake kidevuni mwa mvaaji na hata shavuni mwa aliye jirani yake. Maandishi makubwa kifuani yaachwe, kwa maana jicho likiona neno hulisoma, uso ukasubiri. Na wanaotaka picha ya nyeusi na nyeupe wakumbuke kwamba nyekundu na kijani, ambazo kwa macho hutofautiana sana, zinaweza kutoka zikiwa kijivu kilekile. Hapo kinachowatenganisha watu ni nguo ipi imekolea na ipi imefifia.

Ombi langu kwa wapiga picha ni kwamba wanapopanga siku na familia, waseme mapema picha itapigwa wapi, ukuta au pazia la nyuma lina rangi gani, na kama watu watakaa au watasimama. Aliyevaa kijani mbele ya majani hupotea. Mwenye sketi inayombana hawezi kukaa sakafuni kwa raha. Viatu na soksi, ambavyo mara nyingi hakuna aliyevifikiria, huonekana vyote iwapo picha ni ya mwili mzima. Familia nazo zitandaze nguo zote pamoja kitandani siku kadhaa kabla, zizitazame kwenye mwanga wa dirishani na kuzipiga picha kwa simu. Nguo isiyopatana na nyingine itajitokeza yenyewe, na muda wa kuibadilisha utakuwa ungalipo.

Wako,
Msomaji