Geji tatu kwenye nguzo, na hakuna anayejua zinasoma nini

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumzie geji za ziada ambazo wenye pikapu za dizeli wanazifunga kwa wingi. Utakuta tatu zimepangwa juu ya nguzo ya kioo cha mbele, taa za buluu, zinapendeza. Muulize mwenye gari sensa ya ile ya katikati imefungwa wapi, atakwambia fundi ndiye anajua. Hapo ndipo penye shida. Geji inaonyesha kile tu inachopelekewa na sensa, na sensa iliyokaa pabaya inamdanganya dereva mchana kweupe. Heri asiye na geji kabisa, maana yeye huendesha kwa tahadhari.

Wapo wanaosema dashibodi inatosha. Haitoshi. Katika magari mengi mshale wa joto la maji umetulizwa makusudi kiwandani: maji yakifika nyuzijoto 80 za Selsiasi unasimama katikati, na yakifika 100 bado uko palepale. Ukianza kupanda, umeshachelewa. Presha ya oili mara nyingi ni taa tu, nayo huwaka presha ikiwa imebaki kidogo sana. Joto la moshi wa ekzosi, linaloua pistoni za dizeli yenye turbo (feni inayozungushwa na moshi ili kusukuma hewa zaidi kwenye injini), halionyeshwi popote.

Kwa hiyo ukiwa na fedha ya geji moja, nunua ya joto la ekzosi. Kwenye dizeli nguvu huongezwa kwa kuongeza mafuta, na mafuta yakizidi hewa iliyopo moshi unakuwa mweusi na joto linaruka. Aloi ya alumini ya pistoni huanza kuyeyuka chini kidogo ya nyuzijoto 600, lakini gesi inayotoka inaweza kufika 700 bila madhara ya papo hapo, kwa kuwa pistoni inapozwa na oili inayorushwa chini yake na hewa mpya inayoingia kila mzunguko. Kinachoua ni muda. Sekunde chache za 700 wakati wa kupita lori zinavumilika. Dakika tano za 700 ukiwa na mzigo mlimani hazivumiliki. Namba hizo ni za sensa iliyo kabla ya turbo. Ikifungwa baada ya turbo, chini ya mzigo itasoma pungufu kwa nyuzijoto 100 hadi 200, na pengo hilo hubadilika kila mara, hivyo huwezi kulijumlisha kichwani.

Geji ya pili ni ya presha ya turbo, kwa sababu hizi mbili zinasomwa pamoja. Joto juu na presha chini: hewa inavuja, angalia mpira wa intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo) na klampu zake. Joto juu na presha ya kawaida: mzigo umezidi gia uliyo nayo, rudi gia moja. Vyote viwili chini na gari halina nguvu: mafuta hayafiki, anza na chujio. Chagua geji ambayo presha ya juu ya injini yako inaangukia kwenye theluthi mbili za uso wake. Injini inayosukuma paundi 20 kwa inchi ya mraba haihitaji geji ya paundi 60; mshale utatembea theluthi moja tu ya uso na hutaona mvujo mdogo. Mrija wake uchukue hewa kwenye manifoldi ya kuingizia, baada ya intakula. Ukichukua kabla, mpira uliochanika mbele yake unaweza kukupita bila kuujua.

Ya tatu inategemea gari. Pikapu ya giaboksi otomatiki inayovuta trela ipewe ya joto la oili ya gia: 80 hadi 95 ni kawaida, ikipita 120 oili inaungua na pleti za kluchi zinafuata. Ya gia za mkono ipewe presha ya oili. Baada ya hapo ni mapambo.

Sasa kutoboa manifoldi ya ekzosi, ile inayokusanya moshi wa silinda, ili sensa ya joto iingie, kazi ambayo wengi wanaiharibu. Ishushe manifoldi. Najua ni kazi, na najua wapo wanaotoboa ikiwa juu ya injini, ila chembe moja ya chuma ikiachwa ndani, injini ikiwaka inakwenda moja kwa moja kwenye mapanga ya turbo. Tafuta pale njia za silinda zote zinapokutana, karibu na flanji ya turbo. Ukitoboa kwenye njia ya silinda moja utakuwa unapima silinda hiyo peke yake. Manifoldi nyingine zina ukuta ndani unaogawa njia mbili. Chungulia kwanza, usije ukatoboa juu ya ukuta huo. Anza na biti ya milimita 4, kisha 6, kisha 8.5, kwa mwendo wa polepole, maana chuma cha kusubu hakipendi haraka. Kata meno kwa tapu ya 1/8 NPT (meno ya mabomba ya kipimo cha Marekani), ukirudi nyuma nusu mzunguko kila unapoenda mmoja mbele. Tapu hii imechongoka, kwa hiyo usiizamishe hadi mwisho: kata kidogo, jaribu kuingiza fitingi, kata tena. Ukipitiliza, fitingi itazama na haitakaza kamwe. Ncha ya sensa ifike katikati ya mkondo wa moshi bila kugusa ukuta wa upande wa pili. Kwenye meno paka grisi ya shaba ya joto kali. Tepu nyeupe ya mabomba itaungua siku ya kwanza.

Waya wa sensa hiyo si waya wa kawaida. Ni themokapo ya aina ya K, metali mbili tofauti zinazotoa umeme mdogo mno, kama milivolti 4 tu kwa nyuzijoto 100. Ukiurefusha kwa waya wa shaba, kiungo chenyewe kinakuwa sensa nyingine. Tuseme kiungo kiko karibu na injini penye nyuzijoto 80 na ndani ya kabini ni 25: geji itasoma pungufu kwa 55, wakati dereva anadhani ana nafasi. Kama waya haufiki, nunua waya wa aina ya K. Kama ni mrefu, uzungushe na kuufunga, wala usiukate iwapo maelekezo ya geji hayaruhusu. Rangi zinachanganya: kwa kawaida ya Marekani chanya ni njano na hasi ni nyekundu, kwa ile ya kimataifa chanya ni kijani na hasi ni nyeupe. Ukikwama chukua sumaku. Waya wa hasi unashikwa, wa chanya haushikwi. Ukizigeuza, mshale utashuka badala ya kupanda, kwa hiyo ijaribu ncha kwenye moto wa kiberiti cha gesi kabla hujafunga chochote.

Kwenye oili, adui ni meno. Sensa nyingi za geji za ziada ni 1/8 NPT, meno 27 kwa inchi. Magari mengi ya Kijapani yana 1/8 BSPT, kipimo cha Uingereza, meno 28. Zinaingiana mizunguko michache kisha zinagoma, na anayelazimisha anapasua nyumba ya chujio. Adapta ipo, itafute. Kosa la pili ni kuning'iniza sensa nzito kwenye fitingi ya shaba ya njia tatu pembeni mwa injini inayotetemeka. Shingo inakatika na oili yote inamwagika barabarani. Tumia mpira mfupi wa presha, sensa uifunge kwenye bodi, na ukumbuke kuivutia ethi yake, yaani njia ya kurudisha umeme, kwa kuwa sensa ya waya mmoja hupata ethi kupitia meno yake. Ndiyo maana hata ikiwa kwenye injini tepu nyingi inaweza kuifanya isome ovyo.

Mafuta ya dizeli yasiingie kabini kwa mrija wa geji, hata uwe mwembamba namna gani. Kama unataka presha ya mafuta, tumia sensa ya umeme, na iwe upande wa pampu ya kusukumia tu. Upande wa reli ya injini za kisasa, bomba linalogawia nozeli mafuta, una presha ya juu mno, maelfu ya paundi, hapo hapaguswi.

Umeme wake ni mwepesi: moto wa swichi wenye fyuzi ya ampea 3 iliyo karibu na chanzo, ethi moja safi kwa geji zote, na waya wa taa kutoka kwenye taa za dashibodi. Pitisha waya kwenye tundu lenye raba, maana bati tupu hukata ngozi ya waya taratibu, na fyuzi itaanza kuungua wakati hukumbuki tena ulipopitisha.

Nguzo yenye mfuko wa hewa ndani yake haifungwi geji. Mfuko ukifunguka, geji inageuka risasi. Weka juu ya dashibodi au mahali pa redio, kipenyo cha milimita 52 kinatosha. Ukiweza, zungusha kila geji ili katika mwendo wa kawaida mishale yote ielekee juu. Jicho litaona uliopinda bila kusoma namba.

Baada ya wiki moja ya kuendesha, injini ikiwa baridi, kaza tena fitingi ya manifoldi, kwa sababu joto huwa limeilegeza. Na kabla ya kuzima injini iliyotoka kupanda mlima, subiri joto la ekzosi lishuke chini ya nyuzijoto 200. Ukizima kabla, oili iliyobaki kwenye beringi za turbo inaungua na kuwa mkaa.

Fundi wa dizeli, msomaji wenu