Alama zilishuka, sonona ikapanda

Ndugu Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani, na ugonjwa wa wasiwasi ninao tangu nikiwa sekondari. Kliniki hunijazisha lile dodoso la kupima sonona, PHQ-9. Maswali ni 9 kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja alama 0 hadi 3, jumla 27. Ukifika 10 unahesabiwa una sonona ya wastani.

Mwaka juzi nilipata 13. Usingizi 3, uchovu 3, kushindwa kutuliza akili 3, kuhangaika mwili 3, hamu ya kula 1. Sasa hayo manne ya mwanzo ndiyo wasiwasi wangu ulivyo! Usiku nahesabu kodi ya fremu, mchana kichwa kizito, mguu unachezacheza hata kama sipo kwenye cherehani. Maswali mawili ya kwanza, la kukosa raha na la huzuni, niliyapa 0, maana nilikuwa nashona magauni ya harusi na kuyafurahia kwelikweli. Nikaandikiwa sonona.

Mwaka huu nimepata 11. "Umeshuka, hongera mama," muuguzi akaniambia, na sikuwa na nguvu ya kubisha. Usingizi umerudi, mguu umetulia. Lakini raha 3, huzuni 3, kujiona sifai 3, uchovu 2. Kitenge cha mteja kimekaa mezani wiki tatu sijakitia mkasi, na mteja akipiga simu naitazama tu ikilia.

Swali la tisa, la kuwaza heri ufe, nilisomewa kwa sauti huku foleni ya dirisha la dawa ikisikia. Nikasema hapana. Katika nchi ambayo sheria bado inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, nani atajibu vinginevyo mbele za watu?

Dodoso lenyewe silichukii. Tangu lilipochapishwa mwaka 2001 lina njia ya pili ya kusomwa: dalili zifike tano, na mojawapo iwe kati ya yale maswali mawili ya kwanza, kwa zaidi ya nusu ya siku za hizo wiki mbili. Kwa njia hiyo mwaka juzi nisingeitwa mgonjwa wa sonona. Mwaka huu pia zisingefika tano, lakini angalau mtu angelazimika kuona zile 3 mbili za juu kabla ya kunipongeza.

Ninachowaomba wanaotupima ni kidogo. Mwenye wasiwasi apewe na dodoso la wasiwasi, GAD-7, siku hiyo hiyo, na karatasi zote mbili zibaki kwenye faili. Kwangu huandikwa jumla tu, karatasi inatupwa, kwa hiyo aliyenipongeza hakuwa na cha kulinganisha zaidi ya 13 na 11. Na maswali yaulizwe chumbani, mlango umefungwa.

Fundi cherehani,
Tanga